Wiki mbili na Windows 8 ya majaribio: injini nimeipenda, sura sijui ya nani

Wadau mambo vipi. Najua nimepotea humu muda mrefu, steshenari imenibana, msimu wa fomu za vyuo ukikaribia sisi wa Mwenge hapa Dar es Salaam hatulali. Leo nimekuja na stori ya Windows 8, hii ya majaribio wanayoiita Consumer Preview, Microsoft wameiachia tarehe 29 Februari 2012 kule Barcelona kwenye yale maonyesho makubwa ya simu, yaani wamechagua tarehe inayokuja mara moja kwa miaka minne, na wanasema siku ya kwanza peke yake imeshushwa mara milioni moja. Mimi kwenye hiyo milioni sikuwemo. Mimi niliipata baada ya kukesha usiku tatu na modemu.

Ya 64-bit ina giga 3.3, ya 32-bit ina giga 2.5, nikachukua hiyo ndogo maana hata mashine yenyewe ya kuiwekea haina ubavu wa kubeba ile nyingine. Usiku wa kwanza nikanunua bando la usiku wa manane, nikaiwasha nikalala, saa kumi naamka naona imefika asilimia themanini na kitu mtandao ukakatika, na mimi kwa uzembe wangu nilikuwa nashusha kwa brauza hivihivi bila programu ya kushushia, kwa hiyo kuanza sifuri. Nilikaa kitandani nikaitazama tu. Usiku wa pili na wa tatu nikaweka programu inayoendeleza ilipoishia, ikaisha alfajiri ya siku ya nne. Nyie mnaoshusha maofisini kwa nusu saa huku mnakunywa chai msinicheke.

Sasa kabla sijaendelea nikiri kitu. Tangu nimeanza kushika mausi enzi za Windows 98 sijawahi hata siku moja kutumia Windows halali. Ni zile CD za Kariakoo, zimeandikwa kwa mkapeni, namba ya siri imechorwa juu ya kava, ukiweka inakubali halafu baada ya mwezi skrini inageuka nyeusi na maandishi pembeni kwamba hii nakala si halisi, unamwita fundi anaichakachua upya, maisha yanaendelea. Wengi wetu ndo tulivyoishi, tusidanganyane. Sasa hii ya majaribio namba yake wameianika wenyewe kwenye ukurasa, namba moja ya watu wote, unaichapa inakwambia karibu. Nilipofungua pale kwenye taarifa za mfumo nikakuta imeandikwa kwamba Windows imeidhinishwa, bila fundi, bila kijiprogramu cha kudanganyia, nikapiga picha kwa simu. Mdogo wangu akaniuliza napiga picha nini, nikamwambia nyamaza hujui tulikotoka. Ni kweli uhai wake ulipangwa kuisha Januari 2013, lakini miezi kumi ya uhalali kwangu ilikuwa mingi.

Mashine niliyoiwekea ni kilaptopu changu cha inchi kumi, hizi wanazoziita netibuku, prosesa ni Atom, ile ndogo ya Intel, ramu giga moja, kioo cha nukta 1024 kwa 600. Kumbukeni hiyo 600, itarudi. Niligawa diski kwanza, Windows 7 yangu ikabaki upande wake, maana Microsoft wenyewe wameonya ukiiweka juu ya ile ya zamani hakuna kurudi nyuma, ukitaka kurudi unaanza moja na CD yako, na CD yangu mimi ndo hizo za mkapeni. Flashi ya giga nne, kile kijiprogramu chao cha kutengenezea flashi ya Windows 7 kinakubali na hii, usihangaike kutafuta kingine.

Ukiwasha kitu cha kwanza unachoona ni samaki. Siyo dirisha la rangi nne, samaki mweupe mwenye mapezi marefu kama khanga iliyoanikwa kwenye upepo. Nikadhani nimeshusha kitu cha ajabu. Kumbe ni utani wao, samaki anaitwa betta, na toleo la majaribio linaitwa beta, hata kwenye beta ya Windows 7 mwaka 2009 walimweka kwenye picha ya ukutani. Sisi tungeweka kibua wa soko la samaki la Feri mambo yangekuwa yaleyale.

Halafu ndo unakuja ule ukurasa wa Start. Picha mnazo, siwachoshi, ni vigae vya rangi rangi vimejaa skrini nzima, kimoja barua pepe, kimoja hali ya hewa, kimoja picha, vingine vinajigeuza vyenyewe vinakuonyesha habari. Kwa macho kinapendeza, siwezi kusema uongo, mdogo wangu alikaa anavisukuma kulia kushoto dakika kumi. Nikamwambia fungua kimoja tuone. Akabonyeza hali ya hewa. Ikatokea sentensi kwamba kioo chako ni kidogo, programu hii haifunguki. Akabonyeza ramani, hivyohivyo. Picha, hivyohivyo. Hiyo ndo ile 600, wenyewe wanataka kimo cha kioo kisipungue nukta 768, na ukitaka kuweka programu mbili ubavu kwa ubavu wanataka upana wa 1366. Kwa hiyo netibuku zote za inchi kumi, na mjue mtaani hapa wakati huo ndo zilikuwa mashine za wanafunzi, zinapewa ukurasa wa vigae ambavyo havifunguki. Ni kama kupewa menyu hotelini halafu kila unachoagiza kimeisha.

Dawa ipo, lakini ya kienyeji. Unaingia kwenye rejista, ile hifadhi ya mipangilio ya ndani ya Windows, unatafuta neno Display1_DownScalingSupported, pale palipo na sifuri unaweka moja, unazima unawasha, halafu kwenye ukubwa wa skrini inajitokeza 1024 kwa 768. Kwangu ilikubali. Ila kioo ni kilekile jamani, hakijarefuka, kwa hiyo kila kitu kinakuwa kimebonyea, herufi fupi nene, sura za watu kwenye picha kama zimekaliwa. Unaweza kutumia. Kwa saa moja hivi, baada ya hapo macho yanaanza kudai.

Mpaka hapo nilikuwa nimeshaamua kuifuta. Kilichonizuia ni kwamba nilienda upande wa pili, ile deskitopu ya kawaida, nikafungua kazi zangu, na nikagundua kilaptopu kimekuwa chepesi. Sio uongo wa matangazo. Septemba 2011 kule Anaheim, Marekani, Sinofsky, aliyekuwa bosi wa Windows pale Microsoft, alipanda jukwaani na netibuku yake ya Lenovo yenye Atom na ramu giga moja kama yangu, akaonyesha Windows 7 ikiwa imetulia inakula ramu megabaiti 404 na Windows 8 inakula 281. Nilipoisoma nikasema haya, wazungu na grafu zao. Lakini nimefungua Word ya 2007, kurasa tano za brauza, na folda ya picha za paspoti kwa pamoja na haijagugumia, kitu ambacho kwenye Windows 7 hiyohiyo mashine nilikuwa nabonyeza halafu naenda kuhudumia mteja mwingine ndo narudi.

Na kuwasha. Kuwasha ni habari nyingine. Ukiizima haizimi yote, kile kiini cha mfumo kinalazwa kwenye diski kama kilivyo, ukiwasha kinaamshwa badala ya kujengwa upya, kwa hiyo samaki anatokea anapotea umefika. Tatizo ni la kwetu: umeme ukikatika ghafla kwenye kompyuta ya mezani isiyo na betri haikupata muda wa kulala, kwa hiyo siku hiyo inaamka taratibu kama zamani. Yaani faida yake inakuwepo siku ambazo umeizima kistaarabu. Kwenye kilaptopu chenye betri sina la kulalamika.

Halafu kuna hili ambalo sijaona watu wakiliongelea na kwangu mimi lingetosha kuandikiwa gazeti zima. Ukiunganisha wifi, mimi hutumia ya simu, ukibonyeza kulia kwenye jina la mtandao inakuletea sehemu ya kuonyesha umetumia data kiasi gani tangu tarehe fulani, na chini yake unaweza kuiambia kwamba mtandao huu unapimwa, yaani unalipiwa kwa megabaiti. Ukishaiambia hivyo basi inajua imekaa nyumbani kwa mtu mwenye bando. Masasisho makubwa inayaacha, ni yale ya usalama ya dharura tu ndo yanapita, mengine yanasubiri mpaka siku utakayoipeleka kwenye mtandao wa bure. Nimetumia Windows miaka kumi na zaidi, na miaka yote hiyo kazi yangu ya kwanza baada ya kuinstoli ilikuwa kukimbilia kuzima masasisho kabla hayajala vocha, leo kuna mtu huko amekaa akafikiria kwamba duniani kuna watu wananunua mtandao kwa kipimo kama mafuta ya taa. Angalizo tu, brauza na programu za kawaida za deskitopu hazijali hiyo alama, video ukiifungua itakunywa tu. Juzi nilifungua kile kihesabio usiku nikakuta mdogo wangu amekula megabaiti 190 jioni moja, akakataa, nikamwonyesha, akanyamaza. Amani ya nyumba imeongezeka au imepungua sijui.

La kunakili mafaili nalo lazima niliseme maana ndo mkate wangu. Mnajua siku za Jumatatu watu wanavyokuja na picha za harusi, mteja anataka giga tatu ziende kwenye flashi yake, na hapohapo nyuma yake amesimama mwanafunzi anataka faili moja la kurasa nne anawahi kipindi. Zamani ukianzisha la pili yote mawili yanagombania flashi yanakwenda kwa kutambaa, madirisha mawili yanakupa dakika za uongo. Hii inayaweka yote kwenye dirisha moja, na kila moja lina kitufe cha kusimamisha kidogo. Unasimamisha harusi, unampa mwanafunzi chake, unaendeleza harusi. Ukifungua zaidi inakuchorea na mstari wa kasi, unapanda unashuka kama mlima, bwana harusi mmoja alisimama nyuma yangu anauangalia mstari mpaka ukaisha, akasema hii flashi niliyouziwa ni mbovu kumbe. Alikuwa sahihi.

Na virusi. Safari hii wameweka kinga ndani kwa ndani, ile Defender ya zamani ambayo ilikuwa haina kazi kubwa sasa imepewa meno ya antivairasi kamili. Siku ya kwanza kwenye kaunta ilikamata flashi nne kati ya sita, zile zenye ugonjwa wa folda kugeuka shotikati. Sijui itahimili mpaka lini, virusi vya flashi za Mwenge vimekomaa, ila angalau mtu hanunui kitu cha ziada.

Haya, sasa tuje kwenye kasheshe yenyewe.

Kuna mzee wangu mmoja, mwalimu mstaafu, anakuja kila wiki kuandika barua zake za kufuatilia mafao. Huwa anaandika mwenyewe, hataki kuandikiwa, anatumia vidole viwili lakini hakosei hata koma. Alhamisi akaja mashine ya mezani imekaliwa na mtu wa ripoti ya sura tano.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba kijana, nafasi ipo?"

Nikampa kilaptopu, deskitopu ipo wazi, nikageukia fotokopi. Kama dakika tatu hivi nikasikia kimya, nikageuka, nikamkuta mkono wake uko kwenye mausi, kishale kimesimama pembe ya chini kushoto, na yeye ameinamisha kichwa anachungulia pale pembeni ya kioo kama mtu aliyeangusha sindano. Mwalimu amejifunza kompyuta akiwa na miaka hamsini na kitu, na alichofundishwa cha kwanza, kama sisi sote, ni bonyeza Start. Kile kitufe kilikuwa pale tangu Windows 95, miaka kumi na saba. Kwenye hii hakipo. Wamekitoa. Ukipeleka kishale kwenye pembe kabisa kinajitokeza kipicha kidogo, lakini ukikisogelea kukibonyeza, kwa mkono wa mzee unaotetemeka kidogo, kishale kinatoka pembeni na kipicha kinapotea. Nilimwangalia akijaribu mara nne. Kinakuja, anakifuata, kinakimbia.

Akanivulia miwani. "Kijana, mmekiuza?"

Nilicheka mpaka mtu wa fotokopi akacheka bila kujua anacheka nini. Nikamwonyesha kitufe chenye bendera ya Windows kwenye kibodi, akabonyeza, skrini nzima ikageuka vigae, akashtuka akatoa mikono. Nikamwambia mwalimu wewe chapa tu neno Word hapohapo, usitafute pa kuandikia, akachapa, ikatokea, akafungua. Akasema vizuri. Akaandika barua yake robo tatu saa, akachapisha, printa yangu kuukuu ilipokea draiva, yaani programu ya kuiendesha, ya Windows 7 bila ubishi. Sasa mwalimu ana nidhamu, ukimaliza kazi unazima. Akarudi kutafuta pa kuzimia.

Mnajua kuzima hii kitu kunakwendaje? Unapeleka kishale pembe ya kulia, juu au chini, unasubiri, linatokea pazia lenye alama tano wanaziita Charms, unashuka kwenye ya mipangilio bila kuteleza nje ya mstari maana ukiteleza pazia linaondoka, inafunguka sehemu nyingine, unatafuta alama ya umeme, unabonyeza, inakupa kulala au kuzima au kuwasha upya, unachagua. Ukiwa na kioo cha kugusa nadhani unapitisha kidole gumba na kazi imekwisha, na hapo ndo ninapoona sura hii ilichorwa kwa ajili ya nani. Mimi sina kioo cha kugusa. Mwenge nzima wakati huo sijui nani alikuwa nacho. Mwalimu alisikiliza maelezo yangu yote mpaka mwisho kwa heshima, halafu akafunga kifuniko cha kilaptopu, pah, akaniambia "imezima," akalipa, akaondoka.

Na sio wazee tu, maana najua kuna vijana hapa mnajiandaa kusema mzee wa watu hajui kompyuta. Dada wa ripoti ya sura tano, ana digrii, kesho yake kwenye kilaptopu, kikiwa kwenye ile 768 ya kienyeji, alifungua picha kwa kubonyeza mara mbili kama kawaida, picha ikajaza skrini yote, hakuna alama ya kufunga, hakuna msalaba juu kulia, akaniita kaka njoo kompyuta imeganda. Haijaganda. Unatakiwa ushike pale juu kabisa uivute mpaka chini kama unashusha bendera. Nani atalijua hilo bila kuambiwa? Mimi mwenyewe niliambiwa na mtandao.

Kuna njia za mkato kwa wanaotaka kuijaribu: kitufe cha bendera na herufi X kinakuletea kiorodha cha mambo ya fundi, bendera na D inakurudisha deskitopu, ukiwa deskitopu Alt na F4 inakuletea dirisha la zamani la kuzima. Nimeyaandika kwenye karatasi nimeibandika kwa selotepu chini ya kioo. Pia kwenye uchaguzi wa kuwasha, ukiwa na Windows mbili kama mimi, inakuonyesha menyu ya bluu nzuri tu, lakini ukichagua Windows 7 inabidi mashine ijizime ianze upya ndo iende, maana hiyo menyu yenyewe inatokea baada ya Windows 8 kuwa imeshaanza kuamka. Mtajua wenyewe kama mna subira.

Kiswahili kwenye hii hakikuwepo, toleo la majaribio lilitoka kwa lugha tano tu, Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kijapani na Kichina. Tangu enzi za XP walikuwa wanatoa pakiti ya Kiswahili ya kushusha pembeni, ingawa kwa uzoefu wangu mteja ukimwekea menyu ya Kiswahili anaomba urudishe ya Kiingereza kwa sababu ndo aliyoikariri.

Kwa hiyo nimeamuaje. Kilaptopu changu kinabaki na hii 8 mpaka watoe nyingine, kwa ajili ya ule wepesi na kile kihesabio cha data, vigae nimevifuta karibu vyote nimebakiza vitano. Mashine ya mezani ya wateja siigusi, inabaki na 7. Na leo asubuhi mwalimu kaja tena, safari hii mezani yuko mtu na kilaptopu kiko wazi, samaki ndo kwanza anatokea. Akamwangalia samaki, akaniangalia mimi, akavuta benchi akakaa nje.

"Nitasubiri hiyo nyingine," akasema.